Mpeni Mzee Ungo

Mzee akirudishwa nyumbani baada ya kiharusi, nyumba nzima humpokonya kazi. Hakuna kikao kinachoitishwa kuamua hivyo, inatokea tu. Mkwe anachukua kikombe cha uji na kukifikisha mwenyewe kinywani mwa mgonjwa. Wajukuu wanakatazwa kumwomba babu hadithi, maana maneno yanamtoka kwa shida na wakubwa wanamwonea haya. Kitanda kinasogezwa dirishani, beseni la kunawia linaletwa hapo hapo, na kila anayepita kumjulia hali anamwambia neno moja: pumzika baba, umeshatufanyia mengi. Yote hayo ni mapenzi. Ndiyo maana ni vigumu kuyasema vibaya, na anayethubutu kutamka kwamba yanamchelewesha mzee kupona ataonekana hana adabu.

Nathubutu. Ninapowasikia watu wakisema mzee hawezi kurudi alivyokuwa kwa sababu ubongo wake umechakaa, nakubali nusu. Ubongo wa miaka 75 si wa miaka 30, na tofauti inaonekana hata chini ya hadubini. Nusu ya pili haiko kichwani mwake. Iko sebuleni, iko jikoni, iko katika namna tulivyofundishwa kumheshimu mtu aliyekula chumvi nyingi.

Tunayo methali ya kutusaidia kukata tamaa mapema: samaki mkunje angali mbichi. Sayansi nayo iliwahi kuwa na methali yake. Santiago Ramón y Cajal, Mhispania aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1906 kwa kazi yake juu ya muundo wa mfumo wa neva, aliandika miaka michache baadaye kwamba katika ubongo wa mtu mzima njia za neva zimekwisha kujengwa, na zikifa hazizaliwi upya. Alikuwa muungwana wa kutosha kuacha mlango wazi kwa sayansi ya baadaye imsahihishe ikiweza. Waliomfuata waliukariri ule uamuzi na kuusahau mlango, na kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini mgonjwa wa kiharusi mwenye mvi alipewa bakora, maneno ya faraja na kiti cha kukalia.

Tuanze basi na kichwa, kabla hatujafika sebuleni.

Kiharusi huja kwa njia mbili: ama mshipa wa damu unaziba, ama unapasuka na kumwaga damu mahali isipotakiwa. Mwaka 2006 daktari wa Marekani, Jeffrey Saver, alipiga hesabu ya kinachopotea mshipa mkubwa ukiziba bila tiba, akapata wastani wa seli za neva milioni 1.9 kila dakika. Takwimu hiyo imetajwa katika mikutano ya madaktari mpaka imechuja. Katika makala ile ile kuna hesabu nyingine inayonikaa zaidi moyoni. Saver aliilinganisha hasara hiyo na ile ambayo ubongo huipata polepole kwa kuzeeka tu, akaona kwamba kila saa inayopita bila tiba inauzeesha ubongo kwa miaka 3.6. Mama wa miaka 50 anayeanguka alfajiri, akangojewa usafiri hadi alasiri, kwa hesabu hiyo amepita themanini kabla hajafika getini mwa hospitali. Kiharusi ni uzee wa siku moja. Na kinapompata mzee, uzee wa siku moja unakuta ule wa miaka mingi umeshatangulia.

Huo wa miaka mingi umefanya nini? Umepitia kwanza kwenye mishipa midogo. Presha iliyopanda kwa miongo bila kuuma popote huacha madoa katika nyuzi za ndani za ubongo, zile zinazopeleka habari kutoka sehemu moja kwenda nyingine, na picha ya MRI huyaonyesha kama mabaka meupe kwa wazee wengi ambao hawajawahi kulalamika chochote. Wilayani Hai, chini ya Mlima Kilimanjaro, watafiti waliopima presha za watu wa miaka 70 na zaidi waliikuta iko juu kwa karibu saba kati ya kila kumi. Ni wilaya hiyo hiyo iliyotupatia hesabu za kuaminika za kiharusi Tanzania: kati ya 2003 na 2006 wagonjwa wapya walihesabiwa Hai na katika eneo la Dar es Salaam, na baada ya kusawazisha tofauti za umri ikaonekana Hai wapo 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam 315.9. Nazitaja hesabu hizi kwa sababu bado kuna wanaodhani kiharusi ni ugonjwa wa Wazungu wanene, au ni upepo mbaya uliotumwa na jirani. Kwa ubongo wa mzee maana yake ni hii: njia za neva ambazo angezitegemea baada ya ile kuu kukatika, baadhi zilikuwa zimeshaharibika kabla ya siku ya kuanguka.

Kisha yako yanayotokea baada ya kuanguka. Ubongo haukai kuliangalia jeraha lake. Siku za mwanzo uvimbe hupungua. Sehemu zilizo mbali na jeraha, ambazo hazikuguswa lakini zilinyamaza kwa kukosa habari kutoka kwa wenzao, huanza kuamka. Jambo hilo daktari Constantin von Monakow wa Zurich alilieleza tangu 1914. Wiki zinazofuata, pembezoni mwa jeraha, seli zilizosalia huchipua nyuzi mpya na kutafuta majirani wapya wa kuzungumza nao. Humo ndimo matumaini yalimo, na humo ndimo umri unapoingilia. Mwaka 2010 maabara ya S. Thomas Carmichael huko Los Angeles ilizichambua seli zinazochipua katika ubongo wa panya vijana na wa panya wazee baada ya kiharusi. Za wazee nazo zilikuwa zikichipua. Ila jeni zilizowashwa ndani yake zilitofautiana sana na za vijana. Maabara nyingine zimeona kwamba kwa panya wazee kovu linalozunguka jeraha hujengwa haraka zaidi, na kovu likiwahi, nyuzi changa hukosa pa kupenya.

Natua hapo kidogo, kwa kuwa picha hiyo ni tofauti na ile ya samaki mkavu. Ubongo mzee haujalala. Unafanya kazi ya kujijenga, kwa maagizo mengine, katika nyumba yenye uchafu zaidi wa kusafisha. Chembe zake za kinga hukasirika upesi na kutulia kwa shida. Mwili mzima unaingia katika habari hiyo, hata tumbo: huko Houston, panya wazee waliopandikizwa bakteria wa utumboni kutoka kwa panya vijana walikistahimili kiharusi vizuri kuliko wenzao. (Namna bakteria hao wanavyokusanywa nawaachia wenye kazi yao.)

Inafaa pia kuuliza kwa nini sayansi yenyewe ilichelewa kuujua ubongo mzee. Mwaka 2006 watafiti wa Australia walizihesabu tiba zilizojaribiwa maabara dhidi ya kiharusi, wakapata 1,026. Zilizokuja kumfaa binadamu kitandani zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja na vinabaki. Sababu ni nyingi, na moja inachekesha na kuudhi kwa pamoja: panya wengi waliotumiwa walikuwa madume vijana, wazima, wa umri wa miezi michache, wasio na presha wala kisukari. Tiba ya ugonjwa wa wazee ilitafutwa kwa vijana. Hata kwa wanyama, wazee tunawapokonya kazi.

Sasa nifike kwenye utafiti uliobadili namna ninavyolitazama jambo hili. Ulifanyika Copenhagen, ukachapishwa mwaka 1994, katika ule mradi mkubwa uliowafuatilia wagonjwa wa kiharusi wa mji huo bila kuwachagua. Hirofumi Nakayama na wenzake waliuliza swali jepesi: umri, ukiutenga na ukali wa kiharusi chenyewe na maradhi mengine, unazuia nini hasa? Wakapima mambo mawili. La kwanza ni hali ya neva: mkono unainuka kiasi gani, mguu una nguvu gani, maneno yanatoka vipi. La pili ni maisha ya kila siku: mtu anaweza kula mwenyewe, kuvaa, kuoga, kwenda chooni, kupanda ngazi? Katika la kwanza umri haukuwa na uzito wa kujitegemea. Katika la pili ulikuwa nao. Mkono wa mzee ulirudi kwa kadiri ya kiharusi chake, karibu sawa na mkono wa mdogo wake. Kilichomshinda ni kuutumia mkono huo uliorudi nusu, kubuni mbinu, kujipanga upya kuishi.

Watafiti walihisi kwamba wazee wana uwezo mdogo wa kufidia. Huenda ni kweli. Kufidia ni kujifunza, na kujifunza jambo jipya uzeeni kunahitaji marudio mengi zaidi. Tena kunahitaji misuli, macho, mizani ya mwili na pumzi, na hivyo vyote mzee anavyo kwa akiba ndogo. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliwalaza kitandani watu wazima wenye afya, wa umri wa miaka sitini na kitu, kwa siku kumi tu. Hawakuwa na ugonjwa wowote. Walipoinuka walikuwa wamepoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Siku kumi! Fikiria basi mzee wetu aliyesogezewa kitanda dirishani tangu Mfungo Mosi, na sasa ni Rajabu.

Mama mkubwa wangu alipata kiharusi upande wa kushoto wa mwili. Kijana wa mazoezi, wale tunaowaita madaktari wa viungo ingawa wenyewe husema fiziotherapia, alikuwa akija nyumbani. Siku moja nilikuwepo.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu.”

“Nipe mkono, mama. Sio huo. Nipe ule mgonjwa.”

“Wa kushoto? Mimi na umri huu nikupe mkono wa kushoto?”

“Leo nipe, mama. Dhambi nitaibeba mimi.”

Alicheka, lakini hakuutoa siku ile. Miaka sabini amewachapa watoto vidole kwa kupokea kitu kwa kushoto, na sasa mvulana mwenye koti jeupe anamtaka avunje sheria hiyo mbele ya wakwe. Watu hufikiri mazoezi hushindikana kwa uvivu au kwa maumivu. Kuna na haya. Na aliyepooza upande wa kulia ana mtihani mkubwa zaidi, kwani nyumba nyingi za pwani bado hula pamoja kwenye sinia. Mkono wa kulia haufiki mdomoni, wa kushoto hakuna aupelekaye siniani. Basi anaomba awekewe chakula chumbani. Wenye nyumba wanaona ni staha, wanamwekea, na mtu anaanza kumlisha kijiko kwa kijiko. Kwa uamuzi huo mmoja wa adabu amepoteza zoezi la mkono mara tatu kwa siku, amepoteza zoezi la kukaa chini na kuinuka, na amepoteza mazungumzo, ambayo kwa mtu aliyepungukiwa maneno ndiyo dawa yenyewe.

Mkono usiotumika haubaki ulivyo. Mtafiti Edward Taub alilionyesha hilo kwa nyani waliokatwa neva za hisia za mkono mmoja. Kazi yenye historia chungu, maana mwaka 1981 alishtakiwa kwa jinsi wanyama wake walivyotunzwa, ingawa hukumu ilitenguliwa baadaye. Nyani aliyejaribu mkono wake akashindwa, akajaribu tena akaanguka, hatimaye aliacha kuujaribu kabisa, hata baada ya uwezo kurudi. Alikuwa amejifunza kwamba mkono ule haupo. Taub alipomfunga mkono mzima, ule mgonjwa ukaanza kufanya kazi. Kutokana na hayo ilizaliwa tiba ya kumvisha mgonjwa glavu nene kwenye mkono mzima kwa saa nyingi za mchana, wiki mbili, huku ule dhaifu ukipewa kazi moja baada ya nyingine. Jaribio lililochapishwa mwaka 2006, lenye wagonjwa 222 waliokuwa wameshapita miezi mitatu hadi tisa tangu kiharusi, lilionyesha kwamba inasaidia, na manufaa yalikuwa bado yapo mwaka mmoja baadaye. Sharti lake ni kwamba kifundo na vidole viwe vinatikisika walau kidogo; mkono uliopooza kabisa haupati kitu humo.

Nyani wa Taub alijifunza mwenyewe kuuacha mkono wake. Mzee wetu ana walimu: watoto, wakwe, majirani, wote wakimfundisha kwa upole kwamba mkono ule haupo.

Ipo habari ya mzee mmoja ambaye hakupata walimu wa namna hiyo. Pedro Bach-y-Rita alikuwa mshairi Mkatalani na profesa katika chuo cha City College mjini New York, mjane, wa miaka 65, kiharusi kilipompata mwaka 1959. Kilimnyang’anya nusu ya mwili na maneno yote. Mwanawe George alikuwa akisomea udaktari Mexico, akamchukua. Mazoezi ya hospitali yalidumu wiki chache bila mabadiliko yoyote. George hakujua kanuni za kuwarejesha wagonjwa, na kutojua huko kulimfaa sana, maana hakujua kwamba haiwezekani. Mfano pekee aliokuwa nao ni mtoto mchanga. Mtoto huanza kwa kutambaa, basi baba naye atatambaa. Akamnunulia vikinga magoti, akamwegemeza ukutani bega lile dhaifu, na mzee akatambaa kandokando ya ukuta kwa miezi. Walicheza gololi sakafuni. Walimwaga sarafu aziokote kwa mkono mgonjwa. Kazi za nyumbani ziligeuzwa kuwa mazoezi: kuosha sufuria kwa kuuzungusha mkono robo saa upande mmoja, robo saa upande wa pili.

Majirani walilalamika. Walisema ni aibu kumwona profesa mzee akitambaa uani kama mbwa. Ninaposoma sehemu hiyo nawasikia majirani zangu mwenyewe, neno kwa neno.

Mwaka mmoja baadaye profesa alirudi kufundisha New York. Alifundisha mpaka kustaafu, akaoa tena, akasafiri, akapanda milima. Alifariki kwa mshtuko wa moyo akiwa na miaka 72, huko Colombia, mlimani. Ubongo wake ulipopasuliwa, daktari Mary Jane Aguilar alikuta jeraha kubwa katika shina la ubongo, pale pale lilipokuwa tangu 1959. Nyuzi zinazoshuka kutoka kwenye gamba la ubongo kwenda uti wa mgongo zilikuwa zimeharibika kwa asilimia 97. Jeraha halikupona. Mtu alipona, kwa kutumia asilimia tatu iliyosalia na chochote kile ambacho ubongo wake ulijitengenezea. Mwanawe mwingine, Paul, aliiona picha hiyo na akaacha njia aliyokuwa akiifuata ili kuyatolea maisha yake somo la ubongo unaojibadili.

Habari hii ni tamu, na utamu wake ndio unaonitia wasiwasi. Ni mzee mmoja, msomi, mwenye mwana daktari na mwaka mzima wa kutumia. Kabla hatujawavisha wazee wote vikinga magoti, tusikilize majaribio makubwa mawili.

La kwanza lilifanywa India na kuchapishwa mwaka 2017. Hospitali 14, wagonjwa 1,250. Kwa nusu yao, mtu mmoja wa familia alifundishwa kumfanyisha mgonjwa mazoezi nyumbani. Kwa nchi zenye wataalamu wachache hilo ndilo wazo ambalo kila mmoja wetu angelitoa, hata mimi. Baada ya miezi sita waliofundishwa na wasiofundishwa walikuwa sawa: idadi ile ile ya waliokufa au waliobaki tegemezi. Nimeifikiria habari hiyo kwa muda mrefu, na siioni kama hukumu dhidi ya familia. Somo la siku chache hospitalini halimpi mkwe saa za ziada nyumbani. Kumngoja mzee afunge vifungo vya shati mwenyewe kunachukua dakika ishirini, na daladala ya saa kumi na mbili haimngoji mtu. Kumfungia kunachukua dakika moja. Kila asubuhi dakika moja inashinda, na tunaiita huruma. Neno heshima hapa linatusitiri. Mara nyingi tunachokikosa ni muda.

La pili ni la mwaka 2015, lenye wagonjwa 2,104 katika nchi tano. Liliwainua wagonjwa kitandani mapema sana, ndani ya saa 24, kwa mazoezi mengi kuliko kawaida. Ilitarajiwa wangefaidika. Waliopata matokeo mazuri baada ya miezi mitatu walikuwa wachache kuliko wale wa utaratibu wa kawaida. Takwimu zilipochambuliwa zaidi, ilionekana kilichofaa ni vipindi vifupi vya mara kwa mara kuliko kipindi kirefu kimoja. Kwa hiyo ninapomtetea mzee apewe kazi simaanishi akokotwe. Mwenye haraka ya kumponya baba yake katika wiki ya kwanza anaweza kumdhuru kwa nia njema kama yule anayemlaza miezi tisa.

Kijana wa mazoezi wa mama mkubwa alilijua hilo bila kusoma jarida. Aliacha habari za mkono wa kuamkiana, akaomba aletewe ungo wa mchele. “Tuchambue kidogo, mama, nawe unifundishe.” Mkono wa kushoto unashikilia ungo, wa kulia unatoa mawe. Hilo halina aibu ndani yake. Ndivyo ungo unavyoshikwa tangu enzi. Dakika kumi asubuhi, kumi mchana, kumi baada ya alasiri. Mchele ulimwagika mwingi na kuku walinenepa. Baadaye ikawa choroko, baadaye kumenya vitunguu saumu, kazi inayotaka ncha za vidole. Mkono haukurudi wote. Ulirudi kiasi cha kushikilia, na mtu mwenye mkono wa kushikilia na mwingine wa kutenda anaweza kujipikia chai, kufunga kanga, na kumfukuza jikoni mkwe anayemharakisha.

Kuna jambo la miezi mitatu. Watu huambiwa kliniki kwamba kisichorudi ndani ya miezi mitatu hakirudi tena, na wengi huacha kwenda hapo, nauli nayo ikiwa imeshawachosha. Kauli hiyo ina mzizi: Copenhagen ile ile ilionyesha kwamba asilimia 95 ya wagonjwa walifikia kilele cha kujitegemea ndani ya wiki 12 na nusu. Lakini kilele hicho ni cha wale waliopata huduma ile, kwa kipimo kile. Hospitali ya Queen Square mjini London imewachukua wagonjwa 224, nusu yao wakiwa wamepita mwaka mmoja na nusu au zaidi tangu kiharusi, ikawafanyisha mazoezi ya mkono saa 90 kwa wiki tatu, na mikono ikaendelea kurudi. Wengi wao walikuwa watu wa makamo. Ningependa sana kuona saa 90 hizo zikitolewa kwa watu wa miaka 78, kwa mwendo wao, zikigawanywa katika miezi badala ya wiki. Kama chipukizi za ubongo mzee hufuata ratiba nyingine, kalenda ya kumfungia faili mapema ni kalenda ya vijana.

Na yupo mzee atakayesema basi. Atasema ameishi vya kutosha, mkono huu umelea watoto tisa, muuacheni ulale. Anayo haki hiyo, na sitaki makala hii itumiwe kumsumbua. Nataka tu asikubaliwe upesi mno. Karibu theluthi moja ya watu waliopata kiharusi huingiwa na huzuni ya ugonjwa, ile inayotibika, na kwa mzee huonekana kama busara: anakaa kimya, hataki chakula, hataki wageni, na sisi tunasema ametulia. Wengine bega la upande uliopooza linawauma usiku kucha na hawalisemi kwa kuwa hawajaulizwa. Wengine hawaoni nusu ya ungo kwa sababu kiharusi kiligusa sehemu ya ubongo inayoona. Hayo yaulizwe kwanza, na daktari, na kwa kumwuliza mzee mwenyewe badala ya mwanawe aliyesimama nyuma ya kiti. Akishapimwa, akatibiwa kinachotibika, na bado anasema hapana, basi hiyo ni hapana yake, na ungo urudi jikoni.